Wageni wa Paani na Nyama ya Shangazi

Jumamosi, 8 Julai

Shangazi Batoul ameondoka. Amekwenda Ifrane kwa binti yake, kwenye miti na baridi. Sisi wengine tumebaki Fes kukaangwa. Saa nne asubuhi ukuta wa nyumba ulikuwa haushikiki.

Kabla ya kuondoka alinipandisha paani kunionyesha nyama. Kamba tatu zimejaa vipande virefu vya ng'ombe, vililala kwenye chumvi, kitunguu saumu na giligilani, sasa vimeanikwa. Ndiyo khlii yetu ya mwaka mzima. Asubuhi tunakula na mayai, wakati wa baridi na dengu. Shangazi husema nyumba isiyo na khlii jikoni ni nyumba iliyohamwa.

Kisha masharti. Nyama itoke jua likichomoza. Iingie kabla ya umande. Nigeuze vipande. Nikohoe kwenye ngazi kabla sijatokeza kichwa, maana paa ni la wanawake, na majirani hupanda vichwa wazi. Baada ya alasiri nisionekane huko kabisa mpaka magharibi. Wao ndio watakaoilinda nyama saa hizo. Hajja Tamou wa nyumba ya pili ana macho ya mwewe na sauti ya mpiga mbiu.

Nikasema ndiyo Shangazi, ndiyo Shangazi. Nilikuwa nawaza mengine.

Maana alisema na neno jingine. Akirudi Ijumaa ataamua nani aifungue nyumba hii kwa wageni: mimi au Ghali. Ghali ni mpwa wa marehemu mume wake. Tayari ana nyumba yake ya wageni ng'ambo ya kichochoro, yenye bwawa la kuogelea linalomtosha bata mmoja. Sasa anaitaka na ya babu yangu! Baba yangu alizaliwa chumba cha juu, kile chenye dari ya mwerezi. Mimi mwanawe nalala chini karibu na mlango, kama kiatu. Ghali akipewa nyumba, hata hapo mlangoni atanihamisha.

Mpango: Shangazi akirudi akute nimeshapokea wageni na sifa zangu zimeshazagaa mjini. Tatizo ni moja. Vyumba vyote vya juu vimefungwa, na funguo hazipo kwenye msumari wake. Bila shaka kaenda nazo. Hakusema, sikuuliza. Lakini paa halina mlango. Lina upepo, lina nyota, na Wazungu wanapenda nyota kama sisi tunavyopenda nyama.

Shangazi yuko Ifrane. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Jumapili, 9 Julai

Nimepata! Tena wawili! Mtu na dada yake, Joost na Femke, Waholanzi. Nimewanasa Lango la Buluu saa saba mchana, wakati ambao hata matapeli wa mjini wamelala. Hiyo ndiyo siri yangu. Mgeni wa saa saba hana nguvu ya kubisha.

Joost ni mrefu kama nguzo ya umeme, mwekundu kama pilipili, na mgongoni kabeba begi lenye kimo cha friji. Femke ana begi dogo, kofia kubwa na maswali mengi. Amesoma Kiarabu miaka mingi, ila ni kile cha vitabuni, kwa hiyo kila akifungua mdomo unahisi khutba imeanza. Aliniuliza, "Ewe kijana wa mji huu, je, waijua nyumba yenye upepo?" Nikamwambia umefika.

Ghali alikuwa palepale langoni, kofia nyeupe, chupa za maji baridi mkononi. Anagawa bure, mnafiki yule. Nikawapitisha wageni wangu haraka upande wa wauza zeituni.

Sasa, kutoka langoni hadi kwetu ni mteremko mmoja tu. Lakini mteremko huo unapita mlangoni kwa Ghali, penye kibao chenye taa. Kwa hiyo nikazunguka kidogo. Tukashuka hadi kwa wafua shaba, tukapanda kwa maseremala, tukashuka tena kwa wafua shaba. Mara ya tatu mzee mmoja akaacha nyundo yake, akauliza, "Allal mwanangu, umepotea au umeanza kututufu kama Kaaba?" Nikawaambia wageni kwamba mzee anawakaribisha. Femke akasema, "La hasha. Amesema umepotea."

Kusoma sana nako kuna madhara yake.

Ili kuokoa jina langu nikawapitisha njia ya mkato, kile kichochoro ambacho mtu wa kawaida hupita kiubavu. Joost akaingia kifuambele. Begi likanasa. Mbele haendi, nyuma harudi. Na nyuma yake, punda na mzigo wa ngozi mbichi, zinanuka mpaka machozi yanatoka. Mwenye punda akapiga kelele za njia, njia. Nikamweleza hali. Akasema punda wake anapita hapo tangu mimi sijui kufunga suruali, hajawahi kwenda kinyumenyume, na hataanza leo kwa ajili ya Mholanzi.

Ikabidi tulipunguze begi palepale. Likatoka jiko la gesi. Likatoka hema. Likatoka blanketi la kulalia kwenye theluji. Theluji, Julai, Fes! Zikatoka soksi nene za sufi, za kahawia, ndefu kama mikono ya shati. Kila kitu kikapitishwa juu ya kichwa cha punda hadi kwa watu waliojazana nyuma, na kwa heshima ya mji wangu niandike kwamba kila kitu kilirudi isipokuwa sabuni. Sabuni aliila punda.

Tulifika taabani. Joost hakuuliza habari za chumba. Alipanda paani, akaanguka katikati ya kamba za nyama, akasema harufu ni nzuri. Femke akasimamisha hema pembeni. Mpango unakwenda vizuri kabisa.

Jumatatu, 10 Julai

Paa limetulia ajabu. Kwa kawaida baada ya alasiri huko juu ni baraza: wanawake wanaanua nguo, wanapepeta ngano, wanasema watu. Leo hata kikohozi hakuna. Nadhani wameingiwa na heshima kwa hadhi mpya ya nyumba.

Halafu Hajja Tamou akagonga ukuta kwa mti wa ufagio, kama afanyavyo akitaka kusema nami. Akaniuliza kwa upole, na upole wake ndio unaotisha, lile jitu jekundu lililosimama paani kwetu na chupi, linanyoosha viungo, ni la nani. Akasema binti zake na mama mkwe wake wako ndani tangu alfajiri, kwenye joto hili, wanashindwa kupanda kuvuta pumzi.

Nilitaka kusema kweli. Kweli ilikuwa ndefu. Nikamwambia kijana ni mgonjwa. Akauliza anaumwa nini. Nikasema macho. Haoni kitu, maskini, tangu utotoni, amekuja Fes kutafuta baraka.

Ukuta ukasema Mungu amponye. Nikajipongeza kwa chai ya mnanaa.

Chai haijapoa, Hajja kapanda paani kwake na beseni la nguo, kichwa wazi, hana wasiwasi. Joost ni kijana mwenye adabu. Alipomwona akasimama, akampungia mkono, akauliza kwa ishara kama amsaidie kubeba beseni.

Nilisikia mlango wa paa la Hajja ukifungwa. Nyumba yetu nzima iliusikia.

Jioni: nimempa Joost miwani myeusi ya jua. Amenishukuru sana. Ameivaa, ameketi ukingoni mwa paa mahali anapoonekana na mtaa wote, anasoma kitabu.

Jumanne, 11 Julai

Siku mbaya.

Wanawake wamesusa paa. Hajja Tamou alinitangazia ukutani asubuhi kwamba maadamu kipofu wangu anaona, hakuna mwanamke wa mtaa huu atakayeangaza jicho upande wetu, na nyama nilinde mwenyewe. Nikasema hewala. Nyama haina miguu.

Femke karuka ukuta akaenda kwao. Hakualikwa! Nilimsikia akisema, "Amani iwe juu yenu, enyi majirani watukufu," na wanawake wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Kisha nikasikia glasi za chai. Sasa anafundishwa kufinyanga kuskusi. Mgeni wangu huyo, na mimi sijaonjeshwa hata punje.

Nikaona nimwonyeshe Joost huduma ya hali ya juu. Nikampeleka kwenye mabirika wanakoloweka ngozi kwa kinyesi cha njiwa. Kila mpeleka watu humpa mgeni jani la mnanaa la kuziba pua. Mimi nikampa fungu zima, ili aone tofauti. Joost akalitafuna lote, akauliza kama kuna limau. Kisha upepo ukageuka kutoka kwenye mabirika. Jua la saa nane, kinyesi cha njiwa, ngozi za wiki nzima, na Joost hana jani hata moja. Alibadilika kutoka nyekundu hadi kijani. Akakaa juu ya rundo la makubadhi ya njano, na mwenye duka akasema yale yaliyolala chini yake hayawezi kuvaliwa tena na binadamu. Tulimrudisha kwa mkokoteni. Wenye maduka walisimama kumwombea dua, wakidhani ni jeneza.

Tulipofika, alasiri ilikuwa imepita. Nikapanda paani.

Kamba ya kwanza tupu. Ya pili nusu. Chini ya tangi la maji kalala paka shume, yule mwenye sikio moja, tumbo juu, ananitazama kama mgeni aliyeridhika na malazi.

Nilikaa chini. Sikuona haya, nilikaa chini kabisa juu ya vigae vya moto. Nyama ya mwaka mzima ya Shangazi! Anayoitoa kwa kipimo, anayowapelekea waliojifungua na wagonjwa. Nikamwona Ghali kwenye chumba cha dari ya mwerezi, kofia yake imetundikwa pale ilipokuwa inatundikwa ya baba. Niliogopa sana. Wahenga walisema paka akiondoka panya hutawala. Hawakusema Shangazi akiondoka paka wanafanya nini.

Magharibi Ghali kaja na tikiti maji, eti la kuwapoza wageni wangu. Akauliza khlii inaendeleaje huku macho yakipanda ngazi. Nikasema inapendeza. Akasema alhamdulillahi. Nina hakika ana mkono wake humu. Wale paka huwa anawapa vichwa vya samaki, nimemwona kwa macho yangu.

Jumatano, 12 Julai

Akili ni mali. Nimeamka na mpango.

Nyama ikiliwa hurudishwa. Nimepeleka feni yangu kwa muuza nyama, nimerudi na paja. Sasa chumbani kwangu ni tanuri, lakini vita ni vita. Nimekata vipande virefu. Vingine vifupi. Vingine sijui niviite nini. Nimetia chumvi, saumu, na kwa kuwa sikupata giligilani, nikatia mnanaa uliobaki.

Kukausha kwa jua kunataka siku nyingi. Sina siku nyingi. Ila nina Ba Qaddour, mchochea moto wa hamamu, rafiki yangu tangu utoto. Chini ya bafu ana tanuri linalokula maranda na kokwa za zeituni usiku na mchana, na watu humpelekea vyungu vya kwato viive taratibu majivuni. Nikamwuliza kama nyama inaweza kukauka humo kwa saa chache. Akasema hajawahi kuona, lakini na yeye ana hamu ya kujua. Tukaitundika kwenye waya mbele ya moto. Kisha Ba Qaddour akasinzia. Kisha nami nikasinzia, kwa sababu ya joto.

Tuliamshwa na moshi. Na kelele za wanawake waliokuwa wakioga juu yetu, wakiuliza nani kafa.

Nje nyama imekuwa nyeusi kama soli. Ndani ni mbichi kama ilivyotoka buchani. Ba Qaddour akakata kipande, akatafuna muda mrefu, kisha akasema anahisi na yenyewe inamtafuna.

Kwa mbali, hata hivyo, inafanana. Kwa mbali sana. Mtu awe amechoka na safari.

Alhamisi, 13 Julai

Upepo wa mashariki umekuja, ule wa jangwani. Anga limegeuka kahawia. Ukifungua mdomo unakula vumbi. Kwa nyama ni neema: kila kitu kinakauka huku unakitazama.

Nimechanganya. Kipande kimoja cha Shangazi, kimoja cha tanuri, kimoja cha Shangazi, kimoja cha tanuri. Nilipata hisia kwamba natazamwa. Nikageuka, paani kwa Hajja hapana mtu. Paka tu yule wa sikio moja. Nikampa kipande cha tanuri kumfunga mdomo. Alikinusa akaondoka.

Joost amepona. Amefua, amejaza nguo zake mwisho wa kamba yangu. Nikamwambia azitoe, ile ni kamba ya chakula. Alikuwa amelala nyuma ya miwani, hakusikia. Kipofu sasa amekuwa kiziwi pia.

Shangazi kapiga simu. Akauliza nyama. Nikasema inakauka vizuri. Akauliza nyumba. Nikasema ipo. Kisha akaniuliza kama nina haja yoyote, kama nataka kumwomba kitu. Nikasema sina, Shangazi, wewe pumzika. Akauliza tena. Nikasema sina kabisa. Wazee joto huwachanganya, hata wakiwa Ifrane.

Magharibi upepo ukazidi, vumbi likanijaa macho. Nikaanua nyama macho yamefumba, kwa kupapasa, nikatupia kila nilichoshika kikapuni. Nilipofika chini nikapima uzito. Kikapu kimejaa kuliko nilivyotarajia! Hii ni baraka, haina maelezo mengine.

Ijumaa, 14 Julai

Nitaandika kila kitu, kisha sitalisoma tena ukurasa huu.

Shangazi alifika kabla ya swala. Tuliporudi msikitini sahani kubwa ya kuskusi ilikuwa katikati ya ua, mboga zimepangwa juu, kazi ya Hajja Tamou na, nilielezwa kwa sauti ya juu, ya Femke. Watu wote walikuwepo. Ghali kavaa nyeupe. Joost nilimketisha karibu yangu na miwani yake. Shangazi akamtazama, akampa pole kwa macho yake. Akaniuliza anakulaje. Nikasema kwa kupapasa. Joost akanyoosha mkono moja kwa moja kwenye boga lililokuwa upande wa pili.

Hajja akakohoa. Nikajikaza kisabuni.

Baada ya chakula wakatoa sufuria kubwa ya shaba na mafuta ya ng'ombe, tayari kwa kupika khlii. Shangazi akataka kikapu. Nikakileta mwenyewe. Nikamtazama Ghali usoni, maana nilitaka aione siku hii. Shangazi akasema, "Haya mwanangu, nionyeshe kipande kimoja unachojivunia."

Sikuangalia kikapuni. Fundi haangalii. Nikaingiza mkono, nikapapasa, nikapata kimoja kikavu, chepesi, kirefu, hakina mafuta hata kidogo. Nikakiinua juu. Nikasema, "Hiki hapa, Shangazi. Kazi ya mikono yangu."

Shangazi akasogeza uso kukiangalia.

Joost akavua miwani. Akasema asante, alikuwa akiitafuta soksi hiyo tangu jana.

Kipofu ndiye alikuwa wa kwanza kuona.

Hajja Tamou alicheka mpaka akashikwa na binti zake. Ghali alijifunika uso kwa kofia, mabega yanamruka. Shangazi hakucheka. Akatoa vilivyomo kikapuni kimoja kimoja. Khlii. Soksi. Kitu cheusi. Khlii. Soksi. Kile cheusi akakigonga ukingoni mwa sufuria, kikalia kama mbao. Akauliza hiki ni nini. Ghali, bila kuulizwa, akasema labda ni kiatu cha soksi ile.

Kisha Hajja akatuma binti zake, wakaja na kikapu chao. Nyama nyekundu iliyoiva kwa jua, rangi ya tende, inanukia giligilani. Ile ile ya Shangazi! Paka walikula vipande vichache tu. Femke aliwaona kutoka paani kwa Hajja, akaruka ukuta akiwafukuza kwa "Ondokeni, enyi wezi!", na wanawake wakahamisha kamba moja na nusu kwao. Kamba zilizobaki waliniachia makusudi, waone nitafanya nini. Wamekuwa wakinitazama kwenye matundu ya ukuta siku zote. Wameniona nikipanga nyama nyeusi. Wameniona nikimhonga paka. Na Shangazi amepata habari yote kwa simu tangu Jumapili.

Kwa hiyo fimbo ya mbali ilikuwa na simu.

Nilingoja matusi. Yangekuwa nafuu. Shangazi akamgeukia Hajja, na Hajja akatoa kifuani funguo. Funguo zote, na ule mkubwa wa chumba cha mwerezi. Shangazi akasema, taratibu, kama anayesema na mgonjwa: "Nilimwachia yeye. Nilimwambia, Allal akija kuomba chumba cha wageni, mpe vyote, na nikirudi nyumba ni yake. Nilitaka uombe tu, mwanangu. Hata jana kwenye simu nilikungoja."

Niliangalia juu, kwenye dirisha la chumba cha baba. Macho yaliniwasha, nikasema ni moshi wa mafuta. Ghali akasema moto haujawashwa. Lakini alilisema kwa sauti ya chini, na kwa mara ya kwanza hakuwa anacheka.

Uamuzi: nyumba itafunguliwa kwa wasafiri wa kike tu, maana paa ni la wanawake na wanawake wamelitaka. Femke atabaki mpaka kiangazi kiishe awapokee, kwa khutba zake. Funguo zinakaa kwa Hajja Tamou. Ghali kapewa Joost. Na mimi nitasimama Lango la Buluu kupokea wageni na kubeba mabegi. Shangazi alisema nafaa sana kwa kazi hiyo, kwa kuwa nazijua njia zote, hata zisizo za lazima.

Wakati wa kuosha vyombo akaniambia jambo la mwisho, tukiwa wawili. Chumba cha baba hakitawekwa mgeni. Siku nikikitaka, najua pa kuomba.

Jumamosi, 15 Julai

Joto limezidi. Nimebeba mabegi ya wasichana watatu kutoka langoni, kwa njia fupi, huku Hajja Tamou akinisimamia kutoka paani. Mabegi yamepungua ukubwa lakini vichochoro havijapanuka. Punda yule alinitambua.

Chumba changu hakilaliki. Feni iko kwa muuza nyama, anapepea nayo figo. Nyama ya tanuri bado ninayo yote. Sikio Moja nimemwekea mlangoni tangu jana, amehama mtaa.

Na juu yangu, chumba cha dari ya mwerezi, baridi kama kisima, kitupu, kimefungwa. Kinachotakiwa ni kugonga ukuta na kusema, Hajja, naomba ufunguo. Maneno matatu tu. Leo nilipopita chini ya ukuta wake alikohoa, akazichezesha funguo zikalia. Akaniuliza kama sina haja yoyote. Nikasema sina, Hajja, nashukuru.

Nimelifikiria jambo hili mchana kutwa, kwa utulivu, kama mtu aliyejifunza. Mtu mzima haendi kuombaomba ukutani. Dirisha la chumba cha baba komeo lake ni bovu tangu nikiwa mdogo, nalijua mimi peke yangu. Ghali ana ngazi ndefu ya kupakia chokaa, na saa nane mchana huwa amelala. Wanawake nao saa hiyo jua limewashusha ndani.

Mpango ni wa kesho. Joost amekubali kunishikia ngazi. Nimemwambia avae miwani, ili tukikamatwa aseme hakuona kitu.